Nani Analipa Kodi ya Fremu?

Mazungumzo na wenye maduka ya steshenari na uchapaji mdogo, Dodoma

Mbukwenyi! Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum.

Mwenyekiti wa mkutano, mama zangu, kaka na dada zangu wenye maduka, asanteni kwa kunipa nafasi. Mzungumzaji aliyenitangulia amewaambia muongeze wateja, na mmempigia makofi. Sina ugomvi naye. Ila mimi kazi yangu ni kukaa na madaftari ya watu wenye biashara kama zenu, na nikifungua daftari sianzi kuuliza wateja ni wangapi. Nauliza: kati ya hawa ulionao, ni kina nani wanaokulipia kodi ya fremu, na ni kina nani ambao wewe ndiye unawalipia wao?

Wengi hunijibu papo hapo: anayenunua sana ndiye anayenilipia. Jibu hilo lina mantiki yake, na mara nyingi si la kweli. Nitawaonesha kwa duka moja. Duka lenyewe nimelitunga kwa kuchanganya mambo ninayoyaona kwenye maduka mengi ya mji huu, kwa hiyo mtu asimtazame jirani yake. Namba ni za mfano, lakini nimezipanga ziwe za kawaida ili kila mmoja aweze kuweka za kwake.

Duka lina mashine ya kopi, printa ya rangi, kompyuta mbili, binti mmoja wa kaunta na dizaina mmoja. Fremu ni laki 4 kwa mwezi. Umeme laki moja na nusu. Bando, ulinzi, taka na vidogovidogo, laki moja. Binti wa kaunta analipwa laki 2 na nusu, dizaina laki 4 na nusu. Mwenye duka hajajilipa kitu, kama ilivyo kawaida yenu, na hilo tuliache kwa leo.

Mauzo ya mwezi ni shilingi 7,200,000. Daftari linasema hivyo tu. Limeandikwa vizuri, tarehe ziko, jumla iko, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenye jumla moja ni nusu ya habari. Hiyo milioni saba imeletwa na watu wasiofanana hata kidogo, na mimi naigawa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni watu wa dirishani. Hapa Dodoma hao ni wanafunzi zaidi: Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, tangu kianzishwe 2007 kimewalisha wengi wenu humu ndani, pamoja na CBE na vyuo vingine. Anakuja na flashi, anaprinti kurasa 40, anabaindi spairo, analipa, anaondoka. Huyu analeta 1,800,000 kwa mwezi. Fungu la pili ni kamati za harusi, na kadi zao za mchango, kadi za mwaliko, mabango ya ukumbini: 1,500,000. La tatu ni ofisi za serikali, zilizojaa mjini tangu uamuzi wa 2016 wa kuhamia hapa kwa dhati, na mji wa serikali wa Mtumba ulipojengwa zikazidi: 3,000,000. La nne ni shule binafsi zinazodurufu mitihani ya majaribio, 900,000.

Ukimuuliza mwenye duka nani bosi wake, atasema serikali. Milioni 3 kati ya 7.2, ni zaidi ya asilimia 40 ya mauzo. Tena LPO ya wizara, ile hati ya kuagiza mzigo, ikiletwa dukani, mtu anaipiga picha na kuiweka status.

Sasa tutoe vitu vilivyoliwa moja kwa moja. Dirishani bei ni shilingi 100 kwa ukurasa, na karatasi na tona, ukijumlisha na kurasa zinazoharibika, zinakula kama 40. Kwa hiyo kwenye 1,800,000 unabaki na 1,080,000. Harusi, ukitoa kadi, bahasha, wino na utepe, zinabakiza 900,000. Shule wanalipa 60 kwa ukurasa kwa sababu wanaleta maelfu, gharama ni ile ile 40, wanabakiza 300,000. Serikali je? Sehemu kubwa ya LPO ni rimu, mafaili na katriji ambazo wewe mwenyewe umezinunua kwa mtu wa jumla. Hutengenezi kitu pale, unapitisha tu. Katika milioni 3, mzigo wenyewe umekula 2,250,000. Zimebaki 750,000.

Wengi wenu mnafika hapa. Mnaijua faida ghafi ya kila kitu, mnajua rimu inakuachia ngapi. Tatizo ni kwamba mnaishia hapo, na mteja hali karatasi peke yake. Anakula saa za watu wako, na anakula hela yako kwa kukaa nayo.

Nianze na hela. Tangu 2023 manunuzi ya serikali yanapita mfumo wa NeST, na kupata kazi kumekuwa na uwazi zaidi kuliko zamani za kufahamiana. Lakini kupata kazi ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Hati ya mapokezi isainiwe, ankara ifike kwa mhasibu, fedha za robo hiyo ziwe zimekuja. Tuseme duka letu linalipwa baada ya miezi 4. Kila mwezi linatoa mzigo wa 2,250,000, kwa hiyo wakati wowote ukilikagua kuna milioni 9 ziko kwenye mafaili ya watu. Hizo milioni 9 zimetoka wapi? Kama umekopa kwa asilimia 3 kwa mwezi, zinakugharimu 270,000 kila mwezi ukiwa umelala. Ongeza elfu 60 za mafuta na bodaboda za kupeleka mzigo na kufuatilia malipo Mtumba. Kutoka 750,000 tumeshuka hadi 420,000.

Najua kuna atakayesema, mimi sikukopa, ni hela yangu. Vizuri. Hela yako ingekuwa huru ungekwenda nayo Kariakoo ukachukua rimu kwa bei ya katoni nyingi badala ya mbili mbili. Hicho unachokikosa kina bei, hata kama hakuna afisa mikopo anayekupigia simu.

Na ile asilimia 2 ya kodi ya zuio wanayokata kwenye bidhaa mnazouzia serikali, msiihesabu kama hasara na kuisahau. Ni kodi yenu iliyotangulia. Daini hati yake kila mara, muiweke kwenye faili. Nimeona watu wanazitupa pamoja na risiti za mafuta.

Sasa saa za watu. Dizaina anafanya kazi siku 26, saa 8 kwa siku, ni saa 208. Kwa laki 4 na nusu, kila saa yake inakugharimu kama 2,160. Tulimpa karatasi aandike ameanza kazi ya nani saa ngapi na kumaliza saa ngapi. Mwanzoni dizaina wote hukasirika, wanadhani unawapeleleza. Mwambie kweli kwamba unayempeleleza ni mteja. Baada ya mwezi karatasi inaonesha: watu wa dirishani saa 28, za CV na barua za maombi ya kazi, serikali saa 50, za mabango ya semina na majalada ya ripoti, harusi saa 130.

Saa 130! Kadi zenyewe ni za kamati 10 tu.

Mnaocheka mnajua. Kadi ya mchango imeshatoka, imependeza. Shangazi anapiga simu kwamba jina la marehemu babu halijatajwa. Dizaina anaweka, anatuma WhatsApp. Katibu wa kamati anasema safi, mweka hazina anasema rangi si yenyewe, sare ya siku hiyo ni zambarau na kadi ni ya dhahabu. Inageuzwa. Saa 4 usiku inaingia sauti ya dakika mbili: ukumbi umebadilika. Kesho yake asubuhi anakuja kijana mwingine kabisa, hajawahi kuonekana dukani, anasema ametumwa na kamati, anataka picha ya maharusi iwe upande wa kushoto.

Kwa hiyo harusi zimekula mshahara wa dizaina 281,000, na 900,000 yao imekuwa 619,000. Serikali tukiwatoza saa zao, 108,000, wanabaki na 312,000. Watu wa dirishani tunawatoza saa za dizaina 61,000, halafu na mshahara wa binti wa kaunta, maana laki 2 katika laki 2 na nusu yake ni ya kuwahudumia wao. Wanabaki na 819,000. Elfu 50 iliyobaki ya kaunta tunawapa shule, wanabaki na 250,000.

Jumlisheni: 819,000 na 619,000 na 312,000 na 250,000. Ni milioni 2 kamili. Hiyo ndiyo hela inayolipa fremu, umeme na vidogovidogo, jumla 650,000, na kinachobaki, 1,350,000, ni cha mwenye duka.

Sasa rudi kwenye swali. Serikali imeleta zaidi ya asilimia 40 ya mauzo, lakini katika hiyo milioni 2 imeweka 312,000, haifiki asilimia 16. Yule mwanafunzi anayekuja na flashi yenye virusi na noti ya elfu 10 kwa kopi tatu, yeye na wenzake wameleta robo tu ya mauzo, na wameweka asilimia 41.

Msidhani hili ni la maduka madogo ya Dodoma. Kampuni ya Kanthal ya Uswidi, inayotengeneza nyaya zinazowaka nyekundu ndani ya matanuri ya umeme, ilipiga hesabu ya namna hii mteja kwa mteja mwishoni mwa miaka ya 1980, na Profesa Robert Kaplan wa Harvard akaiandika kwa ajili ya wanafunzi wake. Walikuta asilimia 20 ya wateja wanaleta asilimia 225 ya faida. Hamjasikia vibaya, 225. Asilimia 70 walikuwa hapo hapo, hawaongezi wala hawapunguzi. Na asilimia 10 waliobaki walikuwa wanakula faida hadi kuirudisha kwenye 100. Katika wateja watatu wakubwa kuliko wote kwa mauzo, wawili walikuwa kwenye kundi la wanaokula. Kampuni yenye wahasibu na makaratasi yote ilikuwa haijui. Kwa hiyo asiyejua hapa asione aibu.

Sasa nitawaonesha jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, kisha nitawarudisha nyuma kidogo kwa sababu naona sura za watu wanaotaka kwenda kufukuza wateja.

Jambo lenyewe ni bei ya dirishani. Duka jirani likifunguliwa likaandika kopi shilingi 80, mnafanya nini? Mnashusha siku hiyo hiyo. Shilingi 20, si kitu. Duka letu linatoa kurasa 18,000 dirishani kwa mwezi. Shilingi 20 mara 18,000 ni 360,000. Yaani kwa kufuta namba moja ukutani na kuandika nyingine umepoteza hela nyingi kuliko zote zinazoachwa na serikali kwa mwezi mzima, na LPO zake, na safari za Mtumba. Mkishuka hadi 50, fungu lililokuwa linawalisha halimlipi hata binti wa kaunta. Mnagombania wizara kwa nguvu zote, halafu mnaachia pale penye chakula. Kama ni lazima upunguze, mpunguzie anayeleta kurasa 200 kwa mkupuo, na mwingine aendelee na bei yake. Mara nyingi anayekuja dukani kwako amevutwa na kuwa foleni ni fupi na mashine haijafa, shilingi 20 haikumleta.

Sasa kuhusu kufukuza. Tuseme malipo ya serikali yamechelewa, badala ya miezi 4 imekuwa 6. Hela iliyofungwa ni milioni 13 na nusu, riba ni 405,000, na serikali sasa inakuachia 177,000 tu. Mwenye duka aliyehudhuria semina moja anachukua zile 650,000 za fremu na umeme, anazigawa kwa uwiano wa mauzo, serikali inabebeshwa kama 270,000. Anatoa. Loo, hasara ya elfu 93! Anakataa LPO inayofuata kwa kifua mbele.

Mwezi unaofuata mwenye fremu anadai laki 4 zile zile. Hakupunguza hata senti kwa sababu umeachana na wizara. Ulichopoteza ni 177,000 halisi, na zaidi kama saa za dizaina hazikupata kazi nyingine. Ndiyo maana mimi kodi ya fremu siigawi kwa mtu yeyote. Naweka kwa kila fungu zile gharama tu ambazo fungu likiondoka nazo zinaondoka: karatasi, nauli, riba, na saa za watu kama kweli saa hizo zina kazi nyingine. Fremu nazionesha chini, peke yake, kama mlima ambao wote wanapaswa kuupanda pamoja.

Na hapo kwenye saa ndipo penye uamuzi. Dizaina akiachiwa saa 50 za serikali, atazifanyia nini? Harusi kwenye duka letu zinaleta 900,000 kwa saa 130, kama 6,900 kwa saa kabla ya mshahara wake. Saa 50 zikijaa harusi ni 346,000, na uamuzi wa kuiacha serikali unakuwa na maana. Lakini zinajaa? Kwaresima harusi za Wakristo zinasimama, Ramadhani harusi za Waislamu zinasimama, na mji huu una wote. Dizaina atakaa anaangalia simu, na wewe umeshaacha kazi. Kwa upande mwingine, Aprili hadi Juni Bunge la bajeti likiwa mjini, hamna saa ya kupoteza, na hapo kila kazi inayolipa polepole inazuia inayolipa haraka. Kwa hiyo msiniletee hesabu ya mwezi mmoja mkasema mmemaliza. Chuo kikifungwa, lile fungu la kwanza nililolisifia linanywea, na utafurahi kwamba shule ya jirani bado inaleta mitihani yake kwa 60.

Dawa, basi, mara chache ni kumfukuza mteja. Ni kubadilisha masharti yake. Serikali huwezi kuidai malipo ya awali kwa LPO ya kawaida, tuwe wakweli. Unachoweza ni kujiwekea ukomo: hela yangu iliyoko nje haitazidi kiasi fulani, ikifika hapo siombi kazi nyingine mpaka moja ilipwe. Na ukiomba, omba kazi zenye mkono wako ndani yake, mabango, ripoti, vitambulisho, kuliko kupitisha rimu. Unapoweka bei kwenye NeST, weka na miezi minne ndani ya bei. Anayeweka bei ya taslimu kwa kazi ya mkopo ndiye anayeshinda zabuni, halafu tunamwona Desemba anatafuta wa kumkopesha.

Harusi nazo tuzitazame kwa karibu. Katika zile kamati 10, kila moja inaacha elfu 90 kabla ya dizaina. Karatasi ya saa inaonesha kamati 7 zilitumia saa 48 tu kwa pamoja. Zilizobaki 3 zilitumia saa 82. Kwa hiyo kila kamati tulivu imeacha kama elfu 75, na kila kamati yenye mashangazi wengi imeacha elfu 31. Usiongeze bei kwa wote, utawakimbiza wale saba. Andika kwenye oda: nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho mawili bure, kila moja linalofuata elfu 5, na mtu mmoja tu wa kamati ndiye anayesahihisha na kusaini. Utashangaa jinsi shangazi anavyopata kumbukumbu zake zote siku ya kwanza.

Wa kampeni sikuwaweka kwenye mafungu kwa sababu hawaji kila mwaka. Kwao kanuni ni fupi: fulana zikitoka, hela iwe imeingia. Mgombea aliyeshindwa kura za maoni hapatikani kwenye simu.

Mtaanzaje? Msinunue programu yoyote kwanza. Kwenye daftari hilo hilo mlilonalo, kila mauzo yapate herufi moja pembeni: D ya dirishani, H ya harusi, S ya serikali, M ya mitihani. Wenye lipa namba, binti aandike herufi pale meseji ya muamala inapoingia, asisubiri jioni maana jioni hakumbuki. Karatasi ya saa ibandikwe pembeni ya kompyuta ya dizaina. Wadaiwa waandikwe na tarehe ya kupeleka mzigo pamoja na ya kulipa, siyo kiasi tu. Mwisho wa mwezi ni kazi ya jioni moja na kikokotoo cha simu. Mkifanya kwa miezi inayogusa chuo kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, mtakuwa mnajua vitu ambavyo mkopeshaji wenu havijui.

Kuna kikaratasi kimeletwa hapa mbele, mwenye nacho hajaandika jina na nimemwelewa. Anauliza: kadi za ndugu je? Shemeji anaoa, mtoto wa mama mdogo anafanyiwa sendoff, wote wanataka bei ya kifamilia, na wengine hawalipi kabisa.

Ndugu yangu, hao wape herufi yao, N. Wasiingie kwenye H, kwa sababu wataichafua hesabu ya harusi mpaka uone kadi hazilipi wakati zinalipa. Andika karatasi iliyotumika na saa za dizaina, ujumlishe mwisho wa mwezi, uone ni shilingi ngapi. Halafu kamati ikikuletea kadi ya mchango ya shemeji huyo huyo, unajua tayari umeshachanga kiasi gani, na unaweza kumwambia mweka hazina akuandikie.

Mwenyekiti ananionesha saa. Tuchukue maswali, tuanze na mama pale nyuma mwenye kilemba cha kijani, amenyoosha mkono muda mrefu.